Daftari, mtu wa kuongea naye au kazi ya mikono: ukiwa na mawazo, uanze na ipi?

Ukimwambia mtu wa Mtwara au Lindi kwamba una mawazo, jibu la kwanza karibu kila mara ni "usiwaze sana." Linatoka kwa upendo, lakini halisaidii. Mwaka 1987 Daniel Wegner, mwanasaikolojia wa Trinity University huko Texas, Marekani, aliwataka wanafunzi wakae dakika tano bila kumfikiria dubu mweupe, na kila dubu huyo akiwajia kichwani wagonge kengele. Kengele ziligongwa tena na tena. Waliporuhusiwa baadaye kumfikiria, aliwajia kwa wingi kuliko alivyowajia wenzao ambao hawakukatazwa tangu mwanzo. Anayelala Chikongola au Mingoyo akijilazimisha asiwaze ada ya mtoto analifanya jaribio hilohilo kila usiku, na anapata majibu yaleyale.

Tuachane basi na habari ya kutowaza. Zipo njia tatu za kubadili mazoea ya kuwaza ambazo zimejaribiwa na kupimwa, na zote unaweza kuzianza nyumbani kwako: kuliandika wazo na kulihoji, kuzungumza na mtu kwa utaratibu, na kuanza na kitendo hata kama moyo haujataka. Nitaziweka ubavu kwa ubavu. Nikuambie mapema msimamo wangu: watu wengi huchagua vibaya kwa sababu huchagua njia wanayoipenda. Mpenda kusoma hukimbilia daftari, mwenye marafiki wengi hukimbilia maongezi, mchapakazi hukimbilia jembe. Cha kuangalia ni wazo lako hukushika wapi na saa ngapi. Anayeamka saa nane za usiku, anayefoka chakula kikiwa mezani na asiyeweza kuinuka kitandani asubuhi, wote watatu wana mawazo, lakini hawahitaji kitu kimoja.

Kwa gharama njia hizi hazipishani sana. Daftari la shule na kalamu vinatosha. Maongezi yanaweza kukudai nauli. Kitendo ni bure. Faragha ndiyo inayozitenganisha, na nitairudia kila inapohusika.

Daftari

Njia hii inatokana na kazi ya Aaron Beck, daktari wa magonjwa ya akili wa Philadelphia, miaka ya 1960. Akiwasikiliza wagonjwa wenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, aliona kwamba kati ya tukio na huzuni hupita sentensi fupi kichwani, kwa kasi, na mwenyewe huiamini bila kuikagua kwa kuwa imetoka ndani yake. Tiba aliyoijenga huanza hapo: kuikamata sentensi, kuiandika, kuidai ushahidi.

Chukua nyumba moja ya Tandahimba, mwezi wa Novemba. Korosho zilishapelekwa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, zikaenda ghala kuu, mnada umepita na bei imetangazwa. Jioni mume anarudi kutoka chama cha msingi, anaegemeza baiskeli ukutani, anaomba maji, anakaa kimya. Mkewe anapepeta mchele huku akimtazama. Kichwani mwake inapita sentensi: "Ameshalipwa, ananificha." Hajauliza lolote, lakini sahani inatua mkekani kwa kishindo, na mume naye anapata sentensi yake: "Huyu ananipigia hesabu ya hela ambayo hata mimi sijaiona." Wanalala wamepeana migongo kwa maneno ambayo hakuna aliyeyatamka.

Ukurasa wa daftari hugawanywa safu nne: kilichotokea, nilichowaza, ninachokijua kwa macho au masikio yangu, na kingine kinachoweza kuwa. Safu ya tatu ndiyo yenye kazi kubwa. Mke yule akiijaza kwa uaminifu ataandika hivi: kaja kimya, hajataja hela, mwaka jana alinionyesha meseji ya benki siku ileile. Safu ya nne: malipo hayajaingia, makato yamezidi alivyotarajia, korosho zetu zimeshushwa daraja, amechoka na jua. Wazo la kwamba anafichwa halifi kwa kuandika hivyo. Linashuka tu kutoka kuwa habari na kuwa dhana, na dhana unaweza kuiuliza: "Baba Zuhura, hela imeingia au bado?" Swali hilo lina maneno machache kuliko ugomvi wa usiku mzima.

Kwa mahusiano, hapo ndipo daftari linapozishinda njia nyingine, kwa maoni yangu. Mwaka 1977 Lee Ross wa Stanford aliandika juu ya kosa ambalo binadamu wote tunalo: jambo la mwenzetu tunalieleza kwa tabia yake na kusahau mazingira yake. Mimi nikinyamaza nimechoka. Wewe ukinyamaza una siri. Kosa hilo hulioni likiwa kichwani, maana kichwani linakaa pamoja na vitu vya kweli na limevaa nguo zao. Likiwa kwenye karatasi, pembeni ya safu iliyo tupu ya ushahidi, unaliona.

Daftari lina udhaifu wake. Kwanza, linaweza kugeuka hati ya mashtaka. Ukurasa ukijaa "yeye kila siku" na "yeye hajawahi", na safu ya nne haina hata neno moja, unajiongezea hasira, funga. Robo saa inatosha kwa mara moja. Pili, faragha. Katika nyumba ya chumba na sebule daftari halijifichi, na maneno ya hasira yakisomwa na mtu wa nyumbani yanaweza kuzaa kesi mpya. Kama hali yako ndiyo hiyo, andika kisha chana. Ulichokuwa unakitafuta umekwishakipata wakati wa kuandika. Tatu, asiyezoea kalamu asijilazimishe. Atachoka kabla hajaona faida.

Kwa wale wa saa nane za usiku daftari lina sura nyingine nyepesi zaidi. Mwaka 1983 Thomas Borkovec na wenzake wa Penn State, Marekani, walipendekeza kwa watu wenye wasiwasi watenge nusu saa ya kuwaza kila siku, wakati uleule na mahali palepale, na wazo likija nje ya muda huo liahirishwe mpaka saa yake. Kwa maisha yetu nusu saa baada ya swala ya alasiri, ukiwa barazani, inafaa sana. Usiku wazo likikuamsha unaandika mstari mmoja, "ada ya Hamisi, kesho saa kumi na moja", unageuka upande wa pili. Hujalikataza wazo kama yule dubu, umelipangia miadi. Jambo moja tu la kulisimamia: usiifanye saa hiyo kitandani, maana kitanda kikishazoea kuwa mahali pa kuwazia, kitakuamsha chenyewe.

Mtu wa kuongea naye

Watu wa kuongea nao Kusini hawajaadimika. Yupo mjomba, ambaye kwa Wamakonde, Wamwera na Wamakua neno lake lina uzito katika ndoa ya mpwa wake. Yupo kungwi, yupo shekhe, yupo padri, yupo mtani anayeweza kukwambia ukweli huku mnacheka. Yupo rafiki wa kusukana naye kila Jumamosi. Kinachopungua ni utaratibu wa maongezi yenyewe.

Zimbabwe wametuonyesha utaratibu huo. Mwaka 2006 Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili, alianza na bibi 14 katika kitongoji cha Mbare, Harare. Aliwafundisha, wakawa wanaketi na wagonjwa kwenye mabenchi nje ya zahanati. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulihusisha watu 573. Baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za sonona kati ya wale walioketi na mabibi walikuwa kama asilimia 14. Kati ya waliopata huduma ya kawaida walikuwa asilimia 50. Mabibi hao si madaktari. Wengi ni watu wa rika la bibi zetu.

Tofauti yao na baraza zetu iko katika wanachokifanya baada ya kusikiliza. Hawatoi hukumu na hawakimbilii ushauri. Wanamwacha mtu aeleze matatizo yake yote, kisha wanamwomba achague moja, yeye mwenyewe, la kuanza nalo. Wanatafuta pamoja hatua ndogo inayowezekana wiki hiyo. Anakwenda kuijaribu, anarudi kueleza ilivyokuwa. Vikao sita, basi.

Utaratibu huu ndio wa kuchagua pale mzigo unapokuwa wa kweli. Kijana wa Newala aliyechukua hela ya kangomba, yaani malipo ya mapema kwa korosho ambazo bado hazijavunwa, mwezi wa Juni, akaahidi korosho ambazo mikorosho yake haikuzaa, akifungua daftari na kudai ushahidi atakuta wazo lake ni sahihi: anadaiwa. Mwaka 2018, serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na malipo ya wakulima wengi yakachelewa, waliokosa usingizi hawakuwa na kasoro ya kuwaza. Walikuwa na hela isiyofika. Mtu kama huyo anahitaji mwenzake wa kumuuliza kwa upole: Unadaiwa na nani na nani? Lipi linakunyima usingizi kuliko yote? Nani kati yao anaweza kukuongezea muda? Utamwendea siku gani, na utaanza kwa kusema nini? Deni likiwa kichwani ni moja kubwa lisilo na mwisho. Likishatajwa kwa majina linakuwa watu watatu, na mmoja wao anaonekana.

Umchague nani sasa? Hapa nitasema jambo ambalo baadhi ya wazee hawatalipenda. Mjomba anafaa kwa kusuluhisha, yaani pale pande mbili zinapohitaji uamuzi wa kuheshimiwa. Kwa mawazo hafai sana, kwa sababu nafasi yake inamlazimu aamue, na akishaamua unaona aibu kurudi kumwambia kwamba hali haijabadilika. Tafuta mtu mzima asiyerithi kwako, asiyekudai, asiye upande wowote katika jambo hilo, na ambaye hujawahi kumsikia akikuletea siri ya mtu mwingine. Hiyo ya mwisho itazame kuliko zote. Aliyekuletea ya mwenzako anayapeleka ya kwako.

Halafu kuna hatari inayofanana sana na msaada. Mwaka 2002 Amanda Rose wa University of Missouri aliwachunguza watoto na vijana wanaokaa na marafiki zao wakizungusha tatizo lilelile kila siku. Urafiki wao ulikuwa wa karibu zaidi, na dalili za sonona na wasiwasi nazo zilikuwa juu zaidi. Walikuwa shuleni Marekani, lakini yeyote aliyekaa kusukwa kwa saa tatu akimsema wifi yake anajua anavyoondoka: anampenda zaidi rafiki yake, na wifi amezidi kuwa mbaya. Pima maongezi yako kwa swali hili moja: nikiondoka hapa, kuna kitu nitakachofanya kabla hatujaonana tena? Kama vikao vitatu vimepita na hakuna, mnatonesha kidonda.

Kitendo kwanza

Hii nitaieleza kwa ufupi kwa kuwa ni rahisi kuielewa, ingawa si rahisi kuifanya. Mwaka 1996 Neil Jacobson na wenzake wa University of Washington waliigawa tiba ya Beck vipande, ili wajue ni kipi hasa kinachoponya. Kundi moja lilipewa kipande cha vitendo tu, bila kuhoji mawazo hata kidogo. Lilipata nafuu sawa na kundi lililopewa tiba nzima.

Ni njia ya yule asiyeinuka kitandani, aliyeacha kwenda msibani, asiyejibu simu. Kwake daftari litakuwa zito na maongezi yatakuwa mazito zaidi. Aanze na kitu kidogo chenye saa na mahali: kesho saa moja asubuhi nitafyeka chini ya mikorosho mitatu. Asiseme shamba zima. Au atembee mwenyewe mpaka feri kununua dagaa badala ya kumtuma mtoto, kwa sababu njiani atasalimiwa na kusalimia. Kabla ya kuanza ajipe alama, sifuri mpaka kumi, ya jinsi anavyotarajia kujisikia, na akimaliza ajipe nyingine. Mara nyingi ya pili huipita ya kwanza, na yeye ndiye shahidi.

Isimfae nani? Mtu anayekimbilia kazi ili asikae nyumbani. Yupo mwanamume anayetoka alfajiri, anarudi saa nne usiku, na kila mtu humsifu kwa bidii, kumbe anamkwepa mkewe. Huyo vitendo anavyo vya kutosha.

Njia ya nne ipo pia, nayo haihitaji mlinganisho mrefu. Msimu wa mabibo, yaani matunda ya mkorosho, pombe yake ya uraka ipo kila kona, na ile kali ya nipa ipo mwaka mzima. Pombe humpa mtu usingizi haraka, kisha huukatakata usingizi huo nusu ya pili ya usiku. Ndiyo maana aliyekunywa ili asiwaze huamka saa tisa akiwaza, na mfuko umepungua.

Ugomvi ukishaanza

Njia zote tatu hufanya kazi kabla au baada ya ugomvi. Katikati yake hakuna anayefungua daftari. John Gottman, aliyewachunguza wanandoa kwa miaka mingi huko Seattle, alieleza kwamba mapigo ya moyo yakipita mia moja kwa dakika mtu hasikii vizuri anachoambiwa, na mwili unahitaji angalau dakika ishirini ili utulie. Katika mambo manne aliyoyaona yakiharibu ndoa, yaani kushutumu tabia, dharau, kujitetea na kununa, dharau ndiyo aliyoitaja kuwa mbaya kuliko yote.

Kwa hiyo mkubaliane siku ya amani kwamba mmoja akiona anapandwa na hasira atasema "naomba nitoke, narudi," na atarudi kweli, siku hiyohiyo. Akitoka bila kusema atarudi, mwenzake ataandika kichwani sentensi ile ile ya kuachwa au kudharauliwa. Dakika ishirini hizo zisitumike kupanga majibu, maana anayepanga majibu moyo wake haushuki. Chota maji, zunguka nyumba, swali rakaa mbili.

Hayo ni kwa watu wanaogombana. Kama mmoja anapigwa, tusiite mazoea ya kuwaza. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na huko ndiko pa kuanzia. Na kama huzuni imekukaa karibu kila siku kwa zaidi ya wiki mbili, chakula hakipiti, au unawaza kwamba ni heri usingekuwepo, usichague kati ya hizi tatu peke yako. Mtwara nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Ligula, Lindi nenda hospitali ya rufaa ya mkoa huo, na kama fikra ya kujidhuru iko karibu nenda leo, ukiwa na mtu.

Kama ningekuwa wewe

Kama unagombana na mtu unayempenda na mara nyingi baadaye unagundua mlikuwa hamjaelewana, ningeanza na daftari. Kama una deni, kesi ya shamba au mgonjwa wa kuuguza, ningetafuta mtu. Kama umejifungia, ningefyeka chini ya mikorosho mitatu. Unayeamka usiku, tenga nusu saa yako barazani. Chagua moja tu kwanza. Wanaoanza zote kwa pamoja huwa wameziacha zote baada ya wiki chache, na wakiulizwa ipi iliwasaidia hawajui.

Usitarajie matokeo wiki ya kwanza. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga zoea jipya la kila siku, wakachapisha matokeo mwaka 2009: kwa wastani zoea lilishika baada ya siku 66, wengine siku 18, na wengine ilikadiriwa wangehitaji mpaka 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Anayelima korosho basi asisubiri msimu ndipo aanze. Akianza mwanzoni mwa Agosti, upuliziaji wa dawa ya salfa kwenye mikorosho ukiwa unakaribia kwisha na nyumba ina utulivu, siku 66 zitamfikisha Oktoba, minada inapoanza na maswali ya hela yanapoingia ndani.